Siku Mama Mkwe Alipokanyaga Breki

Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa na jibu moja tu kwa mama mkwe wangu. Alikuwa akinipigia simu kutoka Rubya, au tuseme jirani yake alikuwa akimpigia, kwa sababu yeye na simu hawajapatana mpaka leo, na swali lake lilikuwa lile lile: "Mkwe wangu, gari limepona?" Nami nilijibu kwa heshima ya Kihaya, ambapo mama mkwe huitwa "waitu" na wakwe husemeshana kwa wingi, "Bado, waitu. Likipona nitakuja kuwachukua." Aliuliza habari za gari kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa wa kulazwa, bila haraka na bila lawama. Kisha aliniombea heri, simu ikakatika, nikabaki sebuleni kwangu Nshambya nikiutazama ukuta.

Alichokitaka kilikuwa kidogo. Alitaka kuliona kaburi la binti yake. Mke wangu alizikwa kwetu Izimbya, kwenye kibanja cha marehemu baba, kati ya migomba na mibuni, kwa sababu kwetu mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Siku ya maziko mama yake naye alikuwa amelazwa, miguu imevimba, na daktari alimkataza kabisa kutoka kitandani. Kwa hiyo hakumzika mwanawe. Aliletewa habari, na baadaye picha kwenye simu ya mtu.

Sikuwa nasema uongo kuhusu gari. Lilikuwa bovu kweli. Ila nilikuwa nimeupenda ubovu wake, kwa sababu ulinisaidia kumpiga danadana mama wa watu, na hilo sijawahi kumwambia yeyote.

Ni gari dogo la Kijapani, la zamani, nililinunua nikiwa bado kazini. Kazi yangu ilikuwa kuonja kahawa na kuipanga madaraja. Unachota kijiko, unafyonza kwa kelele, unatema, unaandika. Nilistaafu na kelele zangu, na mke wangu alikuwa akinikemea kila asubuhi mezani: "Baba, hapa si maabara." Siku hizi nafyonza kahawa kwa sauti ninayoitaka na hakuna wa kunikemea. Kuna asubuhi nimefyonza kwa makusudi, kwa nguvu, nikasikiliza. Hakuna kitu.

Ugonjwa wa gari ulianza na taa ya njano kwenye dashibodi, taa ya ABS. ABS ni kifaa kinachozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki kwa ghafla, ili gari lisiteleze kama sabuni. Kikiharibika, gari bado linasimama, lakini halisimami vizuri, na kikizidi kuharibika pedali inaanza kuzama mguuni na gari linavuta upande mmoja. Mke wangu aliichukia ile taa. Alikaa kiti cha kushoto, mkoba mapajani, macho kwenye taa badala ya barabarani. "Hii inasema nini?" Nikamwambia haisemi kitu, ni uzee tu. "Wewe nawe ni mzee," alisema, "na ukiumwa unasema."

Kisha akaugua yeye. Sitaeleza ugonjwa. Alilazwa mjini wiki tatu, akapata nafuu, na Ijumaa moja asubuhi tukaambiwa kwamba kesho yake huenda akaruhusiwa. Nilifurahi mpaka nikawa mjinga. Nikawaza: kesho atapanda gari, ataiona ile taa, ataanza kuogopa. Basi nikamwambia nakwenda gereji mara moja, narudi. Hakuuliza ninakwenda kufanya nini. Sikwenda kutengeneza breki. Nilikwenda kung'oa balbu ya taa.

Mafundi wengi wanafanya hivyo, na wateja wengi tunawaomba. Taa ikizimwa, roho inatulia. Fundi wangu ni mtu wa mjini, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Pwani, mtaratibu, ananiita mzee wangu. Alifungua dashibodi, akatoa skrubu moja moja akazipanga kwenye kopo, kisha adhana ikaita. Akanawa mikono akaenda swala ya Ijumaa. Nikabaki nimekaa kwenye tairi chakavu nikimsubiri, dashibodi imefunuliwa na nyaya zinaning'inia. Nilijiambia siwezi kuliacha gari katika hali ile. Nje ya geti bodaboda zilikuwa zimejipanga saba au nane. Ningeweza kupanda yoyote. Nilizitazama zile pikipiki saa nzima na zaidi, na mpaka leo nikiziona zimejipanga hivyo nageuza uso.

Niliporudi wodini, taa haikuwepo tena kwenye dashibodi yangu, na kitanda cha mke wangu kilikuwa kimezungushiwa pazia.

Siku ya tatu baada ya kifo mama mkwe alinipigia kutoka kitandani kwake, mtu akimshikia simu, sauti imekwisha. Aliuliza jambo moja. "Mkwe wangu, mlikuwa naye?"

"Ndiyo, waitu," nilisema. "Nilikuwa nimemshika mkono."

Alishukuru sana. Alimshukuru Mungu, akanishukuru mimi, akarudia mara mbili maneno yale, "amemshika mkono", kama mtu anayeyafunga kwenye pindo la kanga yake. Tangu siku hiyo niliogopa kukaa naye karibu. Kutoka Rubya mpaka Izimbya ni mwendo wa asubuhi nzima ndani ya gari, na ndani ya gari watu huulizana. Nani angenilaumu kama gari ni bovu?

Niliishi hivyo. Niliendesha kwenda sokoni, kwenda kanisani, taratibu, kiti cha kushoto kikiwa vile vile alivyokisogeza yeye, nyuma kidogo, kwa ajili ya magoti yake. Mizigo nilikuwa naiweka nyuma.

Kisha asubuhi moja ya manyunyu nikishuka kuelekea mjini, mwanamume mmoja akajitokeza anasukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Nikakanyaga. Pedali ikazama mpaka chini, gari likavuta kulia, nikakanyaga tena na tena, likasimama shubiri moja kutoka kwenye mikungu yake. Yule bwana alinitukana kwa Kihaya kizuri, kwa mpangilio, akianzia kwangu akiishia kwa mababu zangu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Alipoondoka niligundua kwamba hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote wiki ile, nikajionea huruma, nikalia pale pale kando ya barabara.

Jioni hiyo simu ikaita. Safari hii mama mkwe hakuuliza kama gari limepona. Alisema, "Mkwe wangu, miguu yangu kwa sasa ni mizima. Sijui ya baadaye." Nikasema nimesikia.

Kesho yake nilikuwa gereji. Fundi alikanyaga, akasikiliza, akaingia chini, akatoka. "Yuniti yenyewe ya ABS imekufa, mzee wangu. Vali za ndani. Tunaweza kuikwepa, tukaunganisha mabomba moja kwa moja, ukaendelea na maisha."

"Hapana. Nakwenda kumchukua mama mkwe wangu."

Fundi aliacha kufuta mikono. "Hapo hakuna mchezo," akasema. "Tutafute nyingine."

Yuniti ilitoka Kampala, imetumika, ikapita mpakani Mutukula ndani ya basi, imefungwa kwenye gunia. Ya kwanza haikufaa. Namba za kwenye stika zilifanana zote isipokuwa herufi ya mwisho, na fundi akasema herufi hiyo ndiyo kila kitu. Ikarudi. Nikasubiri ya pili wiki mbili, nikiomba ije na nikiomba isije. Ikaja. Ikafungwa. Fundi akarudisha na ile balbu, mwenyewe bila kuambiwa. Tulipowasha, taa ya njano ilijitokeza, ikakaa kidogo, ikazimika yenyewe. Fundi aliniangalia. "Ile siku tulifanya vibaya, mzee wangu," alisema polepole. Nilimpa mkono.

Kisha akanipa masharti. Ukibadilisha kifaa cha breki hewa huingia kwenye mabomba, na lazima itolewe. Sisi tunaita kutoa upepo. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine yuko chini kwenye gurudumu anafungua kinati kidogo, mafuta yanatoka na mapovu yake, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Wa juu akiachia kabla kinati hakijafungwa, hewa inanyonywa ndani na kazi inaharibika. Sisi tulishaitoa pale gereji, lakini nyingine ilikuwa imejificha ndani ya yuniti, na fundi hakuwa na mashine ya kuitoa. "Ukifika barabara ya vumbi, mahali pasipo na mtu, funga breki kwa nguvu mara nne, mara tano. ABS itaamka, itaitema. Pedali italainika kidogo. Ukifika huko, toa upepo tena kabla hujapakia mtu. Tafuta wa kukukanyagia."

Nilimwambia sina shida na hilo. Nyumbani nilikuwa nalifanya kila mwaka, mke wangu juu, mimi chini. Nilikuwa nikipiga kelele "Kanyaga! Shika! Achia!" naye akijibu kwamba yeye si punda.

Jumamosi niliondoka mapema. Muleba nikaacha lami. Kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi tupu kati ya kijiji na kijiji, nilitazama mbele na nyuma, nikaongeza mwendo, nikafunga breki. Pedali ikatetemeka chini ya mguu wangu, kitu kikaguruma ndani ya boneti, na gari likasimama limenyooka kama rula, juu ya changarawe. Nilicheka kwa sauti. Nikageuka kushoto nimwambie. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nilirudia mara nne, kama nilivyoagizwa, bila kucheka.

Mama mkwe alikuwa tayari uani, kitenge kipya, kitambaa kichwani, rozari mkononi. Hakuna mwingine. Kijiji kizima kilikuwa msibani ng'ambo ya kilima, na yeye alibaki kwa sababu yangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai benchi moja. Si kwa chuki. Ni heshima, na ina umbali wake ambao kila mtu anaujua kwa macho. Tulisalimiana kwa umbali huo. Aliweka kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna juu ya kigoda, akarudi nyuma, ndipo nikasogea nikachukua punje mbili. Hata punje hizo nilizionja kikazi. Zilikuwa nzuri.

Kisha nikaanza kulizunguka gari. Nilikanyaga pedali: laini, kama fundi alivyosema. Nikatoa spana, mpira mwembamba, chupa, mafuta ya breki. Nikatazama barabarani. Hakupita mtu, wala mbuzi.

"Mkwe wangu, kuna tatizo?"

"Linahitaji mtu wa pili, waitu. Wa kukanyaga."

Naye akatazama barabarani. Kisha akatazama miguu yake. "Mimi nina miguu."

Nilishikwa na aibu ya ajabu, mtu mzima. Nimwingize mama wa mke wangu kwenye kiti changu? Nimpigie kelele za "kanyaga" na "achia"? "Siwezi kuwaamuru ninyi," nilisema.

"Ninyi mtakuwa wapi?"

"Chini ya gari."

"Sitawaona?"

"Hamtaniona."

Alifikiri. "Basi mkiwa huko chini ni kama hampo," akasema, na akavua viatu.

Tulipatana hivi: hakutakuwa na amri. Yeye akikanyaga atasema "Nimekanyaga." Mimi nikishafunga kinati nitasema "Asante," na hapo ndipo atainua mguu, asiinue kabla. Akaingia, akakaa mbele ya usukani ameunyoosha mgongo kama yuko kanisani. Nikaweka mawe kwenye matairi, nikapiga jeki, nikalala chini.

"Nimekanyaga."

"Asante."

"Nimekanyaga."

"Asante."

Mguu wake ulikuwa thabiti kuliko wa mtu yeyote aliyewahi kunikanyagia. Gurudumu la nyuma kushoto likaisha, la nyuma kulia likaisha. Mapovu yalitoka madogo madogo kwenye mpira, kisha mafuta matupu. Tulipofika la mbele kushoto sauti ikaja kutoka juu, kupitia mlangoni.

"Mwanangu naye alikuwa akikanyaga hivi?"

"Ndiyo, waitu. Alikuwa akilalamika."

Nikasikia akicheka kidogo. Halafu akasema "Nimekanyaga," nikafungua kinati, na mafuta yakaanza kushuka.

"Mkwe wangu. Ule mkono mlioushika, ulikuwa wa moto au wa baridi?"

Niliyatazama mafuta yakipita kwenye mpira.

"Nauliza kwa sababu ndicho nilichobaki nacho," alisema. "Najaribu kuuona, na sijui kama ulikuwa wa moto."

Ningeweza kusema wa moto. Lilikuwa neno dogo, na lingemtosha mpaka siku yake ya mwisho. Lakini nilikuwa nimelala chini ya gari, spana mkononi, mtu mmoja duniani ananishikilia breki, na sikuweza tena.

"Sijui, waitu," nilisema. "Sikuwepo. Nilikuwa gereji."

Mguu wake ukainuka. Niliona mpira ukivuta povu moja refu kurudi ndani, nikafunga kinati, nimechelewa. Nilimweleza yote nikiwa nimelitazama tumbo la gari: taa, balbu, swala ya Ijumaa, bodaboda. Sikujitetea. Kuku walikuwa wakiparua karibu na sikio langu.

"Nani alimshika?" aliuliza.

"Mama mmoja wa kitanda cha jirani. Simjui jina. Yeye ndiye aliyenisimulia."

"Mwanangu alisema nini?"

"Nesi alimuuliza, 'Mume wako yuko wapi?' Akasema, 'Yuko gereji, anakuja.'"

Kisha gari likaanza kutikisika kidogo kwenye jeki, nikajua analia. Nami nililia, na sikuweza kujifuta kwa sababu mikono ilikuwa imejaa mafuta ya breki, nayo yanaunguza macho. Tulikaa hivyo, kila mtu na kilio chake, na wala heshima haikuvunjika, kwa kuwa hakuna aliyemwona mwenzake.

"Nimeinua mguu," akasema hatimaye. "Nimeharibu?"

"Hewa imeingia kidogo. Gurudumu hili tunaanza upya."

Nikasikia akipenga kamasi, akijiweka sawa kwenye kiti.

"Nimekanyaga," akasema.

Tulipomaliza pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Alishuka, akanawa miguu, akavaa viatu, akapanda nyuma, kama inavyotakiwa. Hatukuongea mpaka lami, wala kwenye lami. Nilidhani ndiyo basi, amenihukumu, na nilikuwa tayari. Lakini tulipoingia barabara ya vumbi ya Izimbya, kwenye mteremko wa kwanza, nilipogusa breki nilisikia kutoka nyuma, kwa sauti ya chini: "Nimekanyaga." Sikuamini masikio yangu. Tulipofika chini nikasema, "Asante." Mteremko wa pili, hivyo hivyo. Tuliteremka miteremko yote ya Izimbya kwa namna hiyo, watu wazima wawili, na sikuona cha kuchekesha.

Kibanjani nilimwonyesha njia kati ya migomba, nikasimama mbali, kwa umbali ule tunaoujua. Alifika kwenye kaburi, akaliangalia, akaokota jani kavu la mgomba lililoangukia juu yake akaliweka pembeni. Alisali. Kisha akageuka.

"Mkwe wangu, sogeeni."

Nikasogea hatua mbili. Akatikisa kichwa. "Sogeeni hapa."

Nikasogea mpaka nikasimama ubavuni mwake, karibu kuliko nilivyowahi kusimama naye. Akainama kuelekea kaburini, akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha ndani: "Mwanangu, ametoka gereji. Huyu hapa."